Uvimbe wa taya unaokwepa milima: Jinsi amri potovu ndani ya seli inavyozaa saratani

MKAZI wa Plateau, eneo la wakulima lililo kusini-mashariki mwa mji wa Eldoret, hahitaji kuambiwa kwamba kwao ni baridi. Asubuhi za mwezi Julai umande hulala juu ya mahindi na ngano hadi jua lipande, na watoto huenda shuleni wakiwa wamevaa sweta juu ya sweta. Mbu wapo, lakini ni wachache na wazembe. Si ajabu kumpata mzee wa hapa aliyelea watoto wake wote bila kumiliki chandarua hata kimoja.

Sasa teremka. Ukishika barabara inayopitia Nandi kuelekea Kisumu, kwa muda wa saa chache tu utakuwa umeshuka takriban mita 1,000. Huko joto ni jingi, ziwa li karibu, na malaria ni mgeni asiyeaga.

Kati ya sehemu hizi mbili kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho. Watoto wa mabondeni huandamwa na saratani ambayo huvimbisha taya au tumbo, na ambayo hukua kwa kasi kuliko karibu uvimbe mwingine wowote unaojulikana kwa binadamu. Watoto waliozaliwa na kulelewa nyanda za juu huipata kwa nadra mno. Saratani hiyo huitwa limfoma ya Burkitt. Wodi za watoto mjini Eldoret huipokea, ila aghalabu mgonjwa huwa ametoka mbali na baridi ya Uasin Gishu: Magharibi, au kaunti za kando ya ziwa.

Kwa nini mlima umkinge mtoto na saratani? Swali hili limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka sitini, na jibu lake limepatikana kipande kwa kipande, mengi yake kutokana na watoto wa Afrika Mashariki. Jibu lenyewe halimo mlimani, wala halimo tayani. Limo ndani ya seli moja ya damu iliyoacha kusikiliza amri.

Jino lisilo na kosa

Mambo huanza kwa udogo. Mtoto wa miaka mitano au sita, mara nyingi wa kiume, analalamika kwamba jino linacheza. Mzazi haoni ajabu, kwani huo ndio umri wa kung'oka meno ya utotoni. Baada ya siku chache shavu limevimba. Mtoto anapelekwa kung'olewa jino, lakini uvimbe haupungui. Badala yake meno ya jirani nayo yanaanza kulegea. Wapo wanaomshuku mwenye kijicho, na wapo wanaopewa dawa za kuua viini wiki baada ya wiki.

Wakati huo wote uvimbe haulali. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa 24 hadi 48. Shavu lililoonekana limevimba kidogo mwanzoni mwa mwezi linaweza kuwa limeziba jicho mwezi ukiisha. Kwa watoto wengine taya haiguswi kabisa: ni tumbo linalojaa, na mzazi hudhani ni minyoo au wengu.

Hii ndiyo sababu ugonjwa huu unastahili kueleweka na watu wasio madaktari. Katika maradhi mengine kuchelewa mwezi mmoja si neno kubwa. Katika huu, mwezi ni muda mrefu sana.

Gari kuukuu na ramani

Mwaka wa 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto mmoja aliyevimba pande zote nne za taya. Burkitt hakuwa ameona jambo kama hilo. Haukupita muda mrefu, akiwa katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mmoja ungeweza kumwita kioja. Wawili walikuwa ni dalili ya ugonjwa. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo na wa macho, ambao kila mmoja aliandikwa chini ya jina lake, walikuwa wanaugua kitu kimoja. Aliandika habari zake mwaka wa 1958.

Kilichofuata ni mojawapo ya safari za utafiti za gharama ndogo mno katika historia ya tiba. Mwaka wa 1961 Burkitt na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kuzunguka Afrika Mashariki na ya Kusini kwa takriban wiki kumi, mwendo wa kilomita zipatazo 16,000. Walikuwa na picha za wagonjwa na swali moja kwa kila hospitali: je, mmemwona mtoto kama huyu?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, yalichora mpaka. Karibu na Ikweta uvimbe haukuonekana, au ulionekana kwa nadra sana, katika sehemu zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyosonga kusini, ndivyo mpaka huo ulivyozidi kushuka. Hapo ikabainika kwamba si urefu wa mlima unaomkinga mtoto, bali ni baridi. Penye baridi na ukame uvimbe haukuwapo, penye joto na mvua ulikuwapo. Mtu yeyote wa nchi hizi akitajiwa joto na mvua, humkumbuka mbu.

Plateau na Eldoret zote ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika ramani ile, zilikuwa upande salama.

Kirusi cha kila mtu

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali moja jijini London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, ambaye alitoka humo akiwa ameshawishika kwamba ugonjwa wenye mipaka ya hali ya hewa lazima uwe na kiini kinachoambukiza. Akaanza kupokea vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu.

Kisha ikaja bahati ya ukungu. Ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London ikaelekezwa Manchester, na kipande kilipofika maabara kilikuwa kimechelewa mno, maji yake yametibuka. Wengine wangekitupa. Epstein alitazama tone la maji hayo kwa hadubini na kuona seli hai za uvimbe zikielea. Akazikuza, na mwaka wa 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba ndani ya seli hizo mlikuwa na virusi vipya. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Epstein aliishi hadi mwaka wa 2024, akafariki akiwa na umri wa miaka 102.

Lakini ugunduzi huo ulileta kitendawili. Ilipochunguzwa damu ya watu wa mataifa mbalimbali, ilionekana kwamba zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wana virusi hivi. Mhindi anavyo, Mwingereza anavyo, na bila shaka mwandishi wa makala haya na wewe msomaji mnavyo pia, tangu utotoni. Huambukizwa kwa mate. Sasa itakuwaje kitu alicho nacho kila mtu kisababishe ugonjwa unaompata mtoto wa Siaya na kumwacha mtoto wa Plateau?

Ili kujibu hilo ilibidi wanasayansi waache ramani na kuingia ndani ya seli.

Utingo na dereva

Mwili wa binadamu una matrilioni ya seli, na hakuna hata moja inayopaswa kujiamulia mambo. Kila seli huishi kwa kusikiliza. Juu ya utando wake kuna protini zinazoitwa vipokezi, ambazo kazi yake ni kunasa ujumbe kutoka nje: homoni, seli nyingine za kinga, au adui aliyeingia mwilini. Kipokezi kikiguswa na ujumbe wake hubadilika umbo na kuamsha protini iliyo upande wa ndani. Hiyo nayo huamsha ya pili, ya pili ya tatu, hadi habari ifike kwenye kiini cha seli ambamo jeni huhifadhiwa. Hapo amri hutekelezwa: gawanyika, tulia, au jiue.

Aliyewahi kupanda matatu kutoka Plateau hadi mjini ataelewa bila taabu. Dereva haoni mlango wa nyuma. Humtegemea utingo anayegonga bodi ya gari. Akigonga mara moja, gari husimama. Akigonga mara mbili, huondoka. Sasa fikiria bati lililolegea, ambalo hujigonga lenyewe kila gari linapotikisika. Dereva atazidi kukanyaga mafuta, na ukimuuliza atakwambia kwa haki kabisa kwamba amesikia akiambiwa twende.

Katika limfoma ya Burkitt dereva ni jeni iitwayo MYC. Jeni hii hutengeneza protini inayoamsha maelfu ya jeni nyingine ambazo seli huhitaji ili ikue na kugawanyika. Katika seli yenye afya protini hiyo haidumu: hutengenezwa ujumbe unapofika, hufanya kazi, na huvunjwavunjwa baada ya nusu saa hivi. Seli ikiihitaji tena, lazima ujumbe uje tena.

MYC hukaa katika kromosomu ya nane. Mbali nayo, katika kromosomu ya 14, hukaa jeni ya kutengeneza kingamwili, zile protini ambazo mwili hutumia kuwatambua na kuwashika maadui. Seli inayozitengeneza huitwa seli B, na kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, eneo hilo la kromosomu ya 14 halizimwi. Taa zake huwaka usiku na mchana. Katika limfoma ya Burkitt kromosomu hizo mbili hukatika na vipande vyake hubadilishana mahali. MYC hujikuta imehamia jirani ya swichi isiyozimwa. Kuanzia hapo haingoji tena ujumbe wowote kutoka nje. Hivyo ndivyo ilivyo kwa takriban wagonjwa wanane kati ya kumi. Kwa waliosalia MYC hubaki mahali pake, na jeni nyingine za kingamwili, kutoka kromosomu ya pili au ya 22, ndizo huhamia jirani yake, na matokeo ni yale yale.

Kujua haya kulichukua miaka kumi. Mwaka wa 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, watafiti kutoka Bulgaria waliokuwa Uswidi, waliona kwamba kromosomu ya 14 katika seli za uvimbe huu ilikuwa na kipande cha ziada. Mwaka wa 1976 Lore Zech na wenzake mjini Stockholm walionyesha kwamba kipande hicho kilitoka kwenye kromosomu ya nane. Mwaka wa 1982 maabara za Marekani zikathibitisha kwamba jeni iliyosafiri ni MYC.

Ni vyema kukumbuka seli za uvimbe zilizochunguzwa katika maabara hizo za Uswidi zilitoka wapi. Katika miaka ya 1960 Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo jijini Nairobi, alikuwa akipeleka vipande vya uvimbe kwa ndege hadi kwa mtafiti George Klein mjini Stockholm. Vitabu vya tiba vinawataja Clifford na Klein. Watoto waliotoa vipande hivyo hawatajwi popote.

Kisu kisichorudi alani

Limebaki swali la nani aliyekata kromosomu. Jibu linashangaza: ni seli yenyewe.

Seli B hupewa mafunzo. Adui mpya akiingia, seli hizo hukusanyika ndani ya tezi, katika vituo maalumu, na huko hujirekebisha ili kingamwili zake zimshike adui vizuri zaidi. Marekebisho hayo hufanywa na kimeng'enya kinachobadilisha na kukata jeni ya kingamwili makusudi. Ni kazi ya kisu, na kisu chochote huweza kuteleza. Mara moja moja hukata jeni isiyohusika, MYC ikiwemo.

Kwa mafua ya kawaida mafunzo hayo hufungwa baada ya wiki chache na kisu hurudishwa alani. Malaria si hivyo. Vimelea vyake vina desturi ya kubadilisha vazi kila vinapokaribia kutambuliwa, na mtoto anayeishi penye mbu wengi huambukizwa upya kabla hajapona sawasawa. Seli B huitwa mafunzoni tena na tena, mwaka hadi mwaka. Uwezekano wa kisu kuteleza, ambao ni mdogo sana kwa siku moja, hujumlishwa kwa siku zote za utoto.

Haya si ya kudhania tu. Mwaka wa 2015 watafiti walieleza jinsi walivyowaambukiza panya malaria ya muda mrefu. Panya hao walikuwa wamenyimwa jeni iitwayo p53, ambayo ni mlinzi dhidi ya saratani. Walipata saratani za seli B zilizokomaa, zenye kromosomu zilizobadilishana vipande, na saratani hizo zilitegemea kile kimeng'enya cha kukata.

Hata hivyo, seli yenye MYC isiyozimika haikupaswa kuishi. Mwili ulishaweka tahadhari: seli inayogawanyika ovyo hupewa amri ya kujiua, na kila siku seli nyingi hutii kimyakimya bila sisi kujua. Hapa ndipo virusi vya Epstein-Barr vinapoingilia. Vinapoivamia seli B kwa mara ya kwanza, hutengeneza protini bandia zinazoiga vipokezi. Moja hujifanya kipokezi kilichokwisha kupata idhini kutoka kwa seli nyingine za kinga. Nyingine hujifanya kipokezi kilichokwisha kumgusa adui. Hakuna ujumbe uliokuja, lakini seli huamini kwamba umekuja. Baadaye, ndani ya uvimbe wenyewe, virusi hujificha: hubakiza protini moja ambayo askari wa mwili huitambua kwa shida, pamoja na vipande vidogo vya RNA vinavyosaidia kuizuia seli isitii amri ya kujiua.

Kuna hitilafu nyingine iliyogunduliwa mwaka wa 2012. Jeni iitwayo ID3, ambayo ni kama breki, huwa imeharibika kwa wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani na kwa baadhi ya wagonjwa wa Afrika. Breki hiyo ikikosekana, njia ya ishara inayoiambia seli B iendelee kuishi hubaki wazi hata kama kipokezi hakijaguswa.

Ukiyaweka pamoja, utaona kwa nini ugonjwa huu ni adimu hata Kisumu kwenyewe. Malaria peke yake haitoshi. Virusi peke yake havitoshi. Hata kukatika kwa kromosomu peke yake hakutoshi, maana seli iliyokatika hujiua. Ni lazima mambo haya yakutane ndani ya seli moja, na mamilioni ya watoto huugua malaria na kubeba virusi bila yakutane kamwe.

Nandi na Kisumu

Utafiti uliolikaribia zaidi swali letu ulifanywa hapa hapa. Mwaka wa 2005 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha damu ya watoto wa eneo la Kisumu, ambako malaria haikomi mwaka mzima, na ya watoto wa Nandi, jirani wa Uasin Gishu, ambako malaria huja kwa vipindi. Watoto wa pande zote mbili walikuwa na virusi vya Epstein-Barr. Tofauti ilikuwa katika wingi: watoto wadogo wa Kisumu walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha virusi katika damu.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2012, uliwafuatilia watoto wachanga wa sehemu hizo mbili. Upande wa Kisumu zaidi ya theluthi moja walikuwa wameambukizwa virusi hivyo kabla ya kutimiza miezi sita. Upande wa Nandi ni kama mmoja kati ya wanane. Umri huo una maana yake. Mtoto wa miezi mitano bado hana kinga iliyokomaa, na virusi vikiingia mapema hivyo mwili hushindwa kuvidhibiti vyema hata baadaye. Matokeo haya yanakubaliana na yale ya mkoa wa West Nile, Uganda, ambako watoto wapatao 42,000 walitolewa damu katika miaka ya 1970 na kufuatiliwa. Waliokuja kuugua limfoma ya Burkitt walikuwa na dalili za maambukizi mazito ya virusi hivyo muda mrefu kabla ya uvimbe kujitokeza.

Basi mtoto wa Plateau hakukingwa na damu ya kabila lake, wala maziwa ya mursik, kama nilivyowahi kusikia ikidaiwa. Familia ikihamia bondeni na mtoto akalelewa huko, huingia katika hatari sawa na wenyeji. Na wasomaji watauliza kuhusu joto linaloongezeka, kwani nyanda hizi si ngeni kwa milipuko ya malaria. Jibu la haki ni kwamba mlipuko wa miezi miwili, ingawa huua, si sawa na maambukizi yasiyokoma kwa miaka mitano. Inahitajika malaria iweke makao.

Dawa inayomwonea mwenye kasi

Habari njema ni kwamba kasi ya uvimbe huu ndiyo udhaifu wake. Dawa za kemikali huziua hasa seli zinazogawanyika, na hizi hugawanyika kuliko nyingine zote. Katika miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe jijini Kampala, na Clifford jijini Nairobi, waliwapa watoto dawa kama vile saiklofosfamidi na kuona uvimbe mkubwa ukinywea kwa siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wakati ambapo takriban kila saratani iliyosambaa ilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo.

Kupona huko kuna hatari yake. Seli nyingi zikifa kwa pamoja, taka zake huzijaza figo na mtoto anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri mno. Ndiyo maana matibabu hayafanywi kwa kukisia: mtoto hupewa maji mengi mshipani na dawa za kulinda figo, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Ndiyo maana pia upasuaji si tiba hapa. Kazi ya kisu cha daktari, au ya sindano tu, ni kuchukua kipande cha kupima.

Katika mataifa tajiri takriban watoto tisa kati ya kumi hupona. Katika nchi zetu idadi hiyo iko chini sana, na sababu si dawa pekee. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, utafiti kuhusu watoto waliotibiwa saratani za aina mbalimbali mwishoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao waliacha matibabu kabla ya kuyamaliza. Wazazi waliokosa bima ndio walioacha zaidi. Uvimbe ukinywea baada ya awamu ya kwanza, mtoto huonekana mzima. Nauli imekwisha, kuna watoto wengine nyumbani, na shamba linangoja. Seli chache zilizosalia hazihitaji muda mrefu kurudi zilipokuwa.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa Eldoret mwaka wa 2015. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka wa 2001 kupambana na Ukimwi kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali hiyo ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulipanuliwa hadi kwenye saratani. Bima ya NHIF nayo iliondoka mwaka wa 2024 na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mzazi ambaye hajajisajili hana sababu ya kungoja mpaka shavu la mtoto livimbe, kwa maana wakati huo kila siku ina thamani yake.

Amri potovu si za Burkitt peke yake. Kisukari cha watu wazima, ambacho kimeenea hata Plateau, ni ugonjwa wa vipokezi vinavyosikia homoni ya insulini kwa shida, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Saratani ya damu iitwayo CML hutokana na kromosomu ya tisa na ya 22 kubadilishana vipande na kuunda protini inayotoa amri ya kugawanyika bila kukoma. Huko dereva alipatikana akiwa na tundu la ufunguo, na tangu 2001 kidonge cha imatinibu huliziba tundu hilo. MYC haina tundu la namna hiyo. Protini yake ni laini na telezi, na watafiti wamehangaika nayo kwa miaka 40 bila kupata kidonge cha kuishika. Kwa mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, dawa kuu bado ni wa ukoo wa zile za miaka ya 1960.

Kwa hivyo macho ya wengi yameelekezwa kwenye mwanzo wa mnyororo, yaani malaria. Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya RTS,S kwa watoto wa sehemu za magharibi mwa nchi, ikianzia Homa Bay, dozi ya kwanza ikiwa katika umri wa miezi sita. Chanjo hiyo hupunguza malaria, haiizuii kabisa, na haikubuniwa kwa ajili ya saratani. Lakini watoto wa kwanza kuchanjwa sasa wamefikia umri ambao taya huanza kuvimba, na madaktari wa Kisumu na Eldoret wana daftari ambamo kila mgonjwa mpya huandikwa pamoja na mahali alikotoka.